Tupeane uzoefu: ni jambo gani lililokufanya uzielewe rejista za segmenti?

Mwanzisha mada, Kampala

Ndugu wanachama, ninafundisha usanifu wa kompyuta, na kila muhula ninawaona wanafunzi wakikwama kwenye namna prosesa inavyopata anwani ya kumbukumbu kupitia rejista za segmenti, yaani vihifadhi vidogo ndani ya prosesa vinavyoshika mwanzo wa kipande cha kumbukumbu. Naomba aliyewahi kufanya nazo kazi atueleze ni wapi zilipomwingia akilini.

Nianze mimi. Prosesa ya 8086, iliyotolewa na Intel mwaka 1978, ilikuwa na rejista za biti 16, ambazo haziwezi kutaja zaidi ya baiti 65,536, ilhali nyaya zake 20 za anwani zilifikia baiti 1,048,576. Kwa hiyo prosesa huzidisha thamani ya segmenti kwa 16, kisha hujumlisha ofseti, yaani umbali kutoka mwanzo wa segmenti. Kanuni hiyo niliijua kwa maneno tu, hadi nilipoweka B800 (namba ya heksadesimali, yaani ya kizio cha 16) ndani ya rejista ya kawaida AX, nikaihamishia rejista ya segmenti ES, kwa kuwa ES haipokei namba moja kwa moja, kisha nikaandika 41, msimbo wa herufi A, kwenye ofseti 0 na 1F, msimbo wa rangi, kwenye ofseti 1. Papo hapo herufi A nyeupe ikajitokeza juu ya rangi ya buluu kwenye kona ya juu kushoto, kwa sababu kumbukumbu ya skrini ya maandishi ya rangi huanzia B8000 kwa heksadesimali.

Mchangiaji, Mbarara

Asante, Mwalimu. Kilichonifungua mimi ni kwamba anwani moja ina jozi nyingi za segmenti na ofseti, jinsi mtu anavyoweza kuelekezwa nyumba ile ile akianzia Wandegeya au akianzia Mulago. BIOS, programu inayoiwasha kompyuta, hupakia sekta ya kwanza ya diski, yenye baiti 512, kwenye anwani 7C00. Kompyuta moja huirukia kwa 0000:7C00, nyingine kwa 07C0:0000, na zote hufika pale pale. Mwanafunzi mmoja aliandika kipakiaji, yaani programu ya kukaa kwenye sekta hiyo, kilichoonyesha ujumbe vizuri kwenye programu ya kuigiza kompyuta, lakini kwenye mashine halisi kikatoa alama zisizosomeka. Tulikagua sehemu ya kuchapisha amri kwa amri na haikuwa na kasoro. Shida ilikuwa DS, rejista ya segmenti ya data, ambayo thamani yake haina uhakika programu inapoanza, hivyo maandishi yalikuwa yakisomwa mahali pengine kabisa. Tulipoijaza wenyewe mwanzoni kabisa, pamoja na SS na SP zinazoonyesha mahali pa rafu (eneo la kumbukumbu la muda), ujumbe ukasomeka.

Mchangiaji, Gulu

Niongeze kwamba katika hali ya ulinzi, ambamo prosesa huzuia programu kugusa kumbukumbu isiyoruhusiwa, iliyoletwa na prosesa ya 80286 mwaka 1982, kuzidisha kwa 16 hakupo tena. Biti 13 za juu za rejista huchagua mstari katika jedwali lenye mwanzo, kikomo na haki za kila segmenti. Mimi niliamini siku nilipovuka kikomo makusudi, na prosesa ikanisimamisha kwa hitilafu namba 13.

Mchangiaji, Jinja

Mwalimu, wanafunzi wako wasidhani mambo haya yamekwisha. Katika hali ya biti 64, prosesa huhesabu mwanzo wa segmenti za CS (ya msimbo wa programu), DS, ES na SS kuwa sifuri, lakini rejista nyingine mbili za segmenti, FS na GS, bado zina mwanzo wake. Fungua programu yoyote ya C iliyokusanywa kwenye Linux ikiwa na ulinzi wa rafu, utaona mwanzoni mwa kazi (funksheni) zake zinazolindwa ikisoma fs:0x28, yaani ofseti 28 ya heksadesimali kutoka mwanzo wa FS. Hapo ndipo hukaa thamani ya siri inayokaguliwa kabla ya kazi kurudi, na kila uzi wa programu (mfululizo wa amri unaoendeshwa sambamba na mingine) una FS inayoelekea eneo lake wenyewe.