Nimekataa sarafu ya peni ya mama mwenye nyumba, nifanyeje?

Habari zenu wapendwa. Naishi Leeds, Uingereza, nimepanga chumba kwa mama mmoja mtu mzima anayenichukulia kama mwanawe. Jumamosi ilikuwa siku yake ya kuzaliwa, nikamnunulia kisu kizuri cha jikoni. Akakifungua, akanyamaza, kisha akatoa pochi na kuniwekea sarafu ya peni moja kiganjani. Nikamrudishia: "Mama, hii ni zawadi, sikudai kitu." Akasisitiza, nikakataa katakata. Tangu hapo kisu kipo kwenye boksi lake juu ya friji, hajakigusa.

Jana mwenzangu wa kazini, Mwingereza, ndiye kanifungua macho: kwao kisu cha zawadi hukata urafiki, kwa hiyo anayepewa hulipa sarafu ndogo ili kihesabike kimenunuliwa. Nimeumia sana. Kumbe mama wa watu alikuwa analinda upendo wetu, mimi nikausukuma mkono wake.

Na dalili nilikuwa naziona. Viatu vipya mezani kwake ni mwiko, hata vikiwa ndani ya boksi. Chumvi ikimwagika, huchota kidogo akairusha nyuma ya bega la kushoto. Paka mweusi akimkatizia njia hufurahi, tofauti kabisa na kwetu.

Naomba ushauri, hasa mliokaa na wazee wa huku: nimwombe ile peni waziwazi, au ataona aibu kwamba nimezungumzia imani yake na watu? Na siku zikishapita hivi, bado atakubali?