Jina la makutano: nodi au eneo? (OpenStreetMap, Dar)

mchoraji_temeke
Wakuu, naongeza majina ya makutano ya Dar kwenye OpenStreetMap, ramani huria ambayo yeyote anaweza kuihariri. Pale Tazara, barabara za Nyerere na Mandela zimechorwa kila upande na mstari wake, kwa hiyo zinakatana kwenye nodi (nukta za ramani) nne. Nikiweka lebo za junction=yes (hapa ni makutano) na name=Tazara kwenye zote, jina linajirudia; nikiliweka kwenye moja, linakaa pembeni. Halafu kuna aliyeandika name=Mfugale kwenye kipande cha barabara ya juu, sasa jina la Nyerere linakatika katikati.

kipilefti
Chora eneo. Kwenye JOSM (programu ya kuhariri ramani hiyo) zungusha mstari uliofungwa unaomeza nodi zote nne, huku umeshikilia Ctrl ili nukta zako zisinase kwenye barabara. Weka junction=yes na name, basi. Ukiongeza lebo ya highway (barabara), programu za kuelekeza njia zitadhani mstari huo ni barabara ya kupita magari. Kwenye ramani ya kawaida ya osm.org jina huanza kuonekana ukikuza hadi kiwango cha 15.

Mfugale ni jina la daraja: liende kwenye bridge:name, name ibaki Barabara ya Nyerere. Ubungo vilevile. Kijazi, jina rasmi la makutano hayo, iwe official_name, lakini name iwe Ubungo, maana ndilo konda analoita.

Makutano ya barabara mbili za kawaida hayahitaji eneo; nodi ya pale zinapokatana inatosha. Na kwa barabara ya kipilefti, jina liwe kwenye mstari wa junction=roundabout wenyewe. Ukikuta umekatwa vipande kwa sababu ya njia za mabasi, kila kipande kibebe jina lilelile. Jina la barabara inayoingia lisiwekwe humo.

mchoraji_temeke
Shukrani mkuu. Na makutano yenye namba, yale ya barabara kuu za kasi?

ramani_nbo
Hayo ni highway=motorway_junction, kwenye nodi ambayo barabara kuu na njia ya kutokea (motorway_link) zinachangia. Wengi huchemka hapa: nodi inaelea kando, au imewekwa kwenye njia ya kuingilia, kisha wanashangaa simu haisemi namba. Kila upande wa barabara una nodi yake.

ref (lebo ya namba) ni namba tupu. Makutano namba 6 ya M6, barabara kuu ya Uingereza, pale Birmingham ni ref=6, si J6, na name=Gravelly Hill; jina la mtaani, Spaghetti Junction, linakaa kwenye loc_name. Maneno ya kibao yanayoonyesha unakoelekea yaende kwenye destination ya njia ya kutokea, si kwenye name yake.

Kwenye Nairobi Expressway weka majina: Museum Hill, Haile Selassie, Capital Centre. Namba iwekwe pale tu kibao kinapoionyesha. Kama hakuna, tumia noref=yes. Tafadhali msihesabu wenyewe kuanzia Mlolongo, inakoanzia barabara hiyo, kuzifuta ni kazi.

kipilefti
Nyongeza: Japani huweka jina kwenye nodi ya taa, highway=traffic_signals, kwa sababu huko kibao cha jina hutundikwa kwenye taa zenyewe. Msiige kwa mataa ya Dar. Na msihariri upya kisa simu haijabadilika. Programu za nje ya mtandao hungoja kifurushi kipya cha ramani.