Kutoka Dodoma kwenda Zanzibar na mama mzazi na watoto, naombeni mwongozo kabla sijalipia hoteli

mama_wawili_Ipagala
Habari zenu wapendwa. Mwezi wa sita shule zikifungwa tunataka kwenda Zanzibar siku nne, mimi na mume wangu, watoto wawili (miaka 9 na 5) na mama yangu mzazi. Mama ni wa Mpwapwa, ana miaka 63 na hajawahi kuiona bahari hata siku moja, kwahiyo hii safari ni ya kwake sisi tunamsindikiza tu. Kuna hoteli ya ufukweni Jambiani nimeiona mtandaoni, kwenye picha maji ya bluu yamefika mpaka kwenye viti, ila wanataka hela yote mapema. Nilipie? Na usafiri tunaendaje bila kumchosha mama, boti nasikia inatapisha watu, na nguo je, yeye ni dera na kitenge tu. Mwenye uzoefu anisaidie tafadhali.

baba_Kikuyu
Dada usilipie kwanza, angalia maji. Nakwambia kitu kilichonikuta mwaka jana, tulichukua hoteli upande wa mashariki kwa picha kama hizo hizo, tukafika usiku, asubuhi saa tatu watoto wameshavaa nguo za kuogelea wako mlangoni, tunatoka nje bahari hakuna. Mchanga, majani, vijiti vya mwani, maji yako mbali huko unaona mstari mweupe tu wa mawimbi. Mwanangu wa mwisho akaniuliza baba, bahari wameipeleka wapi? Nikakosa la kumjibu, na pale hotelini hakuna aliyetuambia kabla, si kwenye simu wala siku ya kufika.

Tukasema tuyafuate maji kwa miguu, huko kwenye mawe ndo mkubwa akakanyaga wale wadudu wa baharini weusi wenye miiba mirefu, ilimwingia miiba kama sita kwenye kisigino. Mzee mmoja wa pale akakata papai bichi akapaka ule utomvu wake, akatuambia tusiichokonoe, kweli mpaka jioni maumivu yalipungua. Kwahiyo nunua viatu vya plastiki vya kuingilia majini kwa kila mtu, na mama pia, ni muhimu kuliko hiyo hoteli yenyewe.

Kama lengo ni kuoga baharini muda wowote nenda kaskazini, Kendwa au Nungwi, kule maji hayakimbii mbali hivyo.

mpemba_UDOM
Mama Ipagala karibu sana kwetu. Aliyosema kaka hapo juu ni kweli ila Jambiani msiichukie, ni suala la kujua mwezi tu. Maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na saa zake zinasogea mbele kama dakika 50 hivi kila siku. Mwezi ukiwa mchanga au mpevu ndo bamvua, hapo yanajaa sana na kutoka sana, na kwetu siku za bamvua maji yanakuwa yametoka kuanzia saa nne saa tano asubuhi halafu yanajaa jioni mida ya saa kumi. Katikati ya hapo ni maji mafu, hayaendi mbali. Kwahiyo chukua kalenda ya simu uangalie mwezi siku mtakazokwenda, alafu ipigie hoteli uwaulize maji yanajaa saa ngapi tarehe hizo, anayejua kazi yake atakujibu hapohapo.

Na mimi kwa huyo mama ningempeleka Jambiani hata kwa siku moja, maji yakitoka kina mama wanaolima mwani wanaingia kazini, wamejifunga kanga, wanafunga mbegu kwenye kamba, akiwaamkia vizuri watakaa wapige stori. Mtu aliyelima maisha yake yote kuliona shamba lililo chini ya bahari atalikumbuka kuliko bwawa la hoteli.

Nguo msiwe na wasiwasi, dera na kitenge ndo penyewe. Nguo za kuogelea ziishie ufukweni, mkiingia mjini au kijijini mfunike mabega na magoti, sisi hilo linatugusa. Jioni moja mfike Forodhani, ile bustani ya mjini wanakouza chakula usiku, mle urojo na mishikaki, uliza bei kabla hawajakupakulia.

dada_wa_reli
Usafiri sasa hivi rahisi, mchukue SGR ya asubuhi, ile treni ya umeme ya Dodoma mpaka Dar. Mimi treni ya kawaida nililipa 31,000 na mtoto nusu (miaka 4 mpaka 12), ile ya mchongoko, yenye kichwa kilichochongoka, ni ghali kidogo ila inawahi. Ukishuka Dar bandarini sio mbali, bajaji tu na mabegi. Tiketi ya boti nunua dirishani kwa mkono wako, pale nje wapo vijana watakushika begi wakwambie boti imejaa, usiwape hela. Pasi ya kusafiria haihitajiki kwa Mtanzania ila kila mtu mzima abebe kitambulisho cha NIDA, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Boti ni kama saa mbili. Mwezi wa sita upepo wa kusi unavuma, mawimbi yapo, kwahiyo mama mkalishe chini katikati kuelekea nyuma, sio mbele. Asipande na njaa wala ameshiba sana, na famasi ulizia dawa ya kichefuchefu anywe kabla boti haijaondoka, akishaanza kutapika haisaidii tena. Ila nakushauri mlale Dar usiku mmoja, treni na boti siku moja kwa mtu wa miaka 63 ni nyingi.

mama_wawili_Ipagala
Asanteni mno, Mungu awabariki. Nimeangalia kalenda, siku zetu zinaangukia mwezi mpevu kabisa, ningelipia ningelia. Nimeongea na mume wangu, tunalala Kendwa usiku tatu na siku moja tunaenda Jambiani asubuhi maji yakiwa yametoka, mama akawaone hao wa mwani. Nimemsomea hapa yote kwa sauti, ameuliza swali moja tu, je hao kina mama anaweza akawapelekea karanga za Mpwapwa? @mpemba_UDOM nijibu hilo nianze kuzikaanga.

mpemba_UDOM
Mwambie alete, na aje na kanga ya kujifunga, watamwingiza majini.