Nimeitwa kikundi cha maigizo ya kuzunguka mashuleni, naombeni ushauri

binti_nax
Hamjambo wadau. Niko Nakuru, wiki iliyopita nimeitwa na kikundi kinachoigiza tamthilia za setibuku, vile vitabu vya fasihi vya mtihani, kwenye sekondari. Tuko sita tu na kitabu kina wahusika zaidi ya kumi, kwa hivyo mimi nimepewa watatu, mama mgonjwa, kijakazi na mzee wa mtaa mwenye bakora, halafu tutakuwa barabarani wiki tano, Kericho, Kisii mpaka Homa Bay, shule mbili kwa siku. Nimewahi kuigiza tamasha za drama nikiwa shule lakini pale ni mhusika mmoja na siku moja, imeisha. Sasa hawa watatu nitawabadilisha vipi wanafunzi wasichanganyikiwe? Na sauti itafika hiyo wiki ya tano? Mama naye anauliza kama hii ni kazi ama ni kuzurura, sijajua nimjibu nini.

mzee_wa_pazia
Hongera binti. Hiyo kazi nimeifanya misimu saba. Usianze na nguo, anza na miguu na pumzi, mama mgonjwa anakanyaga vipi, mzee anavuta pumzi wapi kabla hajaongea. Nilikuwa na mwenzangu alizunguka msimu mzima na leso moja, akiwa mama ameifunga kiunoni, akiwa msichana ameitupa begani, akiwa mzee ameikunja ndani ya koti imekuwa tumbo, na hata kabla hujaiona leso ushajua ni nani kwa vile anavyoingia. Nafasi ya kubadilisha ilikuwa kama sekunde kumi, nyuma ya shuka tuliyofunga kwa kamba kati ya nguzo mbili za dainingi, ukumbi wa kulia wa shule.

Jua pia wale watoto wamekisoma kitabu kuliko wewe. Ukiruka mstari wanakumalizia ukumbi mzima, wacha wacheke kisha endelea. Ila usiongeze maneno yako juu ya ya mwandishi, kuna mtoto hapo atayabeba mpaka kwenye mtihani.

Sauti sasa. Dainingi nyingi ni mabati juu na simiti chini, ukipiga kelele inakurudia yote. Fikeni mapema, simama katikati upige makofi usikie mwangwi unakaa muda gani, halafu ongea polepole na umalizie silabi za mwisho, hizo ndizo hupotea. Mvua ikija simamisheni mchezo, msishindane na mabati. Kuna mwenzetu alipoteza sauti siku ya tatu na tukagawana wahusika wake ndani ya gari tukielekea shule ya pili, yule mwenye bahati alipata kurasa nne za kukariri.

nyota_ya_mchana
Mzee amesema yote ya jukwaani, mimi naongeza ya mfukoni. Dada, kabla hujapanda hiyo gari pata makubaliano kwa maandishi: unalipwa kwa onyesho ama kwa wiki, malazi na chakula ni ya nani, na shule ikiahirisha asubuhi mkiwa tayari mko getini mnalipwa ama hamlipwi. Mimi kikundi kimoja kiliniambia tutalipana shule zikilipa, shule zililipa, mimi sikulipwa, na sikuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha. Uliza pia nani anabeba spika na nani anafua maleba, zile nguo za kuigizia, kama ni nyinyi nyote sita sawa, hapo ni kikundi. Kama ni wasichana peke yao, kataa siku ya kwanza.

mwana_bagamoyo
Dada, kwa mama yako mwambie hivi. Mwaka 1965 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, wakiwa na mwalimu wao David Cook walianza kuzunguka Uganda na Kenya na michezo yao bila kiingilio, wakiigiza kwa Kiingereza, Kiswahili, Kiganda na lugha zingine za huko, na Chuo Kikuu cha Nairobi nao wakaanzisha ya kwao 1974. Mawazo yalikuwa kwamba mchezo umfuate mtu alipo. Huku kwetu Dar vikundi kama Muungano vilikuwa vinapeleka ngoma, sarakasi, vichekesho na maigizo kwenye mabaa na kumbi za mitaani kwa usiku mmoja, na msanii yule yule uliyemuona kwenye ngoma unakuja kumuona kwenye igizo. Kwa hiyo wahusika wako watatu wala sio kwamba kikundi kimekosa watu, ndio kazi yenyewe ilivyo, na watu wameifanya miaka na miaka na kulea watoto nayo.

binti_nax
Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili na mama nimemsomea hiyo ya Makerere, amenyamaza kidogo akauliza kama tutapita Kisii Ijumaa, dadake anakaa huko. Kiongozi nimempigia, amekubali kuandika, ni kwa onyesho na malazi ni yao, ya kuahirisha amesema tutajadili wote sita Jumatatu kwa mazoezi. Spika tunabeba kwa zamu. Leso ninayo, sasa hivi niko chumbani najifunza kukaa chini kama mtu anayeumwa na magoti.