Nifungue belo la nguo za watoto kabla ya Idi ama niliuze zima?

MamaMishi_Kisauni · 10 Mei 2020
Assalam aleikum jamani naombeni ushauri ila msinihubirie. Nauza mitumba ya watoto soko la Kongowea, Mombasa, mwaka wa sita huu. Nyumbani nina belo moja, yaani robota la mitumba, la kilo 45 halijakatwa mikanda, nililinunua mwezi wa pili elfu 14, ndio mtaji wote uliobaki, mwingine tumekula. Nikisema tumekula ni kula kweli, nikiuza nguo tatu napita dukani nachukua unga na mafuta, jioni sina cha kurudisha kwenye mzigo.

Idi ndio hiyo wiki mbili. Miaka yote Ramadhani ndio mavuno yangu na wateja hawaji mchana, mchana watu wamefunga, wanakuja baada ya taraweh, saa tatu saa nne usiku mama kabeba mtoto begani anampima gauni papo hapo chini ya taa, mtoto kalala hata hajui anavishwa. Mwaka huu magharibi saa kumi na mbili na robo, kafyu ya corona saa moja. Ikifika saa kumi watu washaanza kukunja maturubali wanakimbilia matatu, nazo hazijazi kama zamani na nauli imepanda. Wateja wangu wa Mtwapa hawavuki kuja Mombasa tangu kaunti ifungwe Aprili 8, wa Mji wa Kale nao wamefungiwa toka Jumatano.

Sasa kuna jamaa ananipa elfu 17 nimuachie belo lilivyo, maana mitumba imepigwa marufuku kuingia nchini na mzigo umeanza kuadimika. Nikikata mikanda bei hiyo imekufa, na ndani hujui mna nini, unaweza kutoa kamera za maana, zile nguo za daraja la kwanza, unaweza kukuta fagia tupu, zile mbovu za mwisho. Nikimuuzia napata elfu tatu bila jasho lakini meza itakuwa nyeupe wiki ya Idi. Mwenye nyumba anadai miezi miwili, na wale wa mkopo wa simu wanapigia mpaka ndugu zangu. Mngekuwa mimi mngefanyaje?

Chizi_wa_Likoni
Uza. Uza leo. Mwenye nyumba hataki kuona meza yako imejaa, anataka pesa. Ila usimpe huyo jamaa kwa maneno, atakwambia shika nusu, nusu baada ya Idi, halafu simu haipatikani

BiKidawa
Dadangu usimsikize huyo wa juu, huyo hajawahi kukaa nyuma ya meza hata siku moja. Ukiuza belo utakula elfu 17 ndani ya mwezi halafu utanunua nini na mzigo hauingii? Mimi nilikuwa na viatu, mwezi wa nne nikaona hakuna anayeuliza nikageuza meza nikaweka mihogo, viazi vitamu na nazi za futari. Inatoka kila siku sikatai, lakini nyanya nilizojaribu nilitupa debe zima, nyanya haikungoji kafyu iishe. Nguo haiozi. Kata mikanda nyumbani, toa kamera kwanza, piga picha weka status ya WhatsApp. Panga seti za mia nane mia tisa, usizidishe elfu, kwa sababu saa hii kutuma M-Pesa mpaka elfu moja ni bure na watu wanaliangalia hilo. Boda atapeleka mchana, anayenunua alipe boda.

mzee_wa_kamera
Kuhusu mkopo wa simu usikoseshwe usingizi na vitisho vya CRB, kule wanakoandikwa wasiolipa mikopo. Mwezi uliopita Benki Kuu iliwaondoa wale wakopeshaji wa simu wasiosimamiwa, hawapeleki tena majina huko, na deni chini ya elfu moja halikuwekei alama mbaya. Deni liko palepale, lipa ukipata, lakini wewe kula kwanza.

Na mshukuru Mungu kidogo, binamu yangu wa Kampala anauza kabeji, wao waliambiwa ukitaka kuuza chakula lala sokoni, akalala wiki mbili chini ya neti pembeni ya kabeji zake. Wa nguo kama sisi walifungiwa kabisa.

MamaMishi_Kisauni · 27 Mei 2020
Narudi kama nilivyoahidi wale wa inbox. Nilikata. Usiku sebuleni, watoto wakanisaidia kupanga, vumbi la belo nyumba nzima tunapiga chafya majirani wasije wakasema tunayo corona 😂 Kamera 41, magauni ya kupendeza kweli, hayo yaliisha kwa WhatsApp kabla ya mkesha wa Idi. Mezani niliuza kidogo, saa tatu asubuhi mpaka saa tisa basi. Jumla mpaka jana elfu 15 na mia sita, yani chini ya bei ya jamaa, Chizi najua utacheka, ila robo ya belo bado ninayo. Mwenye nyumba nimempa mwezi mmoja, kanuna lakini kapokea. Wa simu sijawapa kitu.

Kilichobaki kibaya ni majaketi ya theluji saba, mazito, yana manyoya shingoni, ya mtoto wa miaka miwili. Mombasa hii! Aliye na mtu Limuru au Nyahururu aniunganishe, abiria hawapiti lakini lori za mizigo zinapita.