Ofisi kukataa ramani mpaka iwe DWG, ni sawa hii?

Wakuu habari za mchana. Juzi nimepeleka ramani ya mteja ofisi moja hivi siitaji jina, wakanigomea, wanataka DWG tu (faili la programu ya kuchorea ya AutoCAD), PDF hawataki, IFC (faili la kubadilishana ramani za majengo kati ya programu tofauti) hata hawaijui. Mi nachora na programu nyingine, ArchiCAD, basi nikageuza nikatuma, jioni jamaa ananipigia simu anacheka, "injinia, huu mlango wa chumbani wa mita 23 anapita nani, treni?" Kumbe milimita zangu kule zimesomwa kama inchi, kila kitu kimezidishwa mara 25.4, mlango wa 900 umekuwa geti la bandari.

Sasa swali langu. DWG ni mali ya kampuni ya Autodesk, tangu AutoCAD itoke 1982 hawajawahi kuweka wazi mpangilio wake wa ndani, mpaka wenzao wakaungana 1998 wakaanzisha hii inayoitwa leo Open Design Alliance (ODA), waichokonoe wenyewe. Mi naona ofisi ya umma ipokee IFC, ina kiwango chake cha ISO 16739 na sio ya kampuni moja. Mnasemaje?

– Mkuu unaisingizia DWG. Hizo inchi ni setingi tu, ungeangalia INSUNITS (pa kuchagua milimita au inchi) kabla hujatuma yangeisha. Hiyo IFC unayoisifia nimeshaipokea, ukuta unauona vizuri ila ukitaka kuusogeza haukubali, umekuja kama tofali moja gumu. Mafundi, sevea, QS (mkadiriaji gharama), wote wamezoea DWG, utawabadilisha leo?

– Kabla hamjagombana, hilo faili ni la toleo gani? Lifungue kwa Notepad usome herufi sita za mwanzo, ukikuta AC1032 ni la 2018 kuja juu, ofisi yenye AutoCAD 2016 hapo imekwama. Mi kila kitu nasevu toleo la 2010 na sijawahi kurudishiwa. Balaa ni Revit, programu nyingine ya Autodesk, faili la 2024 kwenye 2023 halifunguki na hakuna pa kusevu nyuma.

– Na atakayesema wote tutumie programu moja yaishe, Airbus je? Ile ndege yao A380, kampuni moja, programu moja ya kuchorea, CATIA, ila Hamburg (Ujerumani) wako toleo la V4 na Toulouse (Ufaransa) wako V5, ndege yenyewe ina nyaya kama kilomita 530, kuja kuzifunga zingine hazifiki zinapotakiwa, 2006 ikabidi watangaze kuchelewa. Na hao wana hela, sio sisi wa laptop ya mkopo.

– Kaka zangu mnazunguka tu, tatizo hela. Tangu 2016 Autodesk wameacha kuuza leseni za kununua mara moja, ni kulipia mwezi au mwaka. Kijana kamaliza chuo jana unamwambia alete DWG, umemwambia akakraki, tusidanganyane. Mi natumia FreeCAD ya bure, DWG naipitisha kwanza kwenye kigeuzi cha hao ODA, mistari inatoka safi ila maandishi ya fonti za SHX (za AutoCAD) yananijia alama za kuuliza tupu, nabaki kubahatisha hapa jiko au stoo.

– Mwanzisha mada nimerudi. Ya inchi nakubali, kosa langu. Ila mkuu wa tofali gumu, ile ofisi haina mpango wa kusogeza ukuta wangu, kazi yao ni kuusoma na kugonga muhuri. Sasa faili la kuhariri wanalitakia nini?