Naomba ushauri: kompyuta mbili zinaonana ila folda inagoma kufunguka

Habari zenu wakuu. Nina desktopu ya Windows 10 sebuleni na laptopu ya Windows 11, zote ziko kwenye ruta moja. Nikiiping desktopu (kuipima kama inajibu kwenye mtandao) kwa anwani yake, 192.168.1.12, inajibu fasta. Folda ya picha za harusi nimeishea, mtandao nimeuweka wa binafsi pande zote. Tatizo, nikiifungua kutoka kwenye laptopu inadai jina na neno la siri. Naweka ile pini ya tarakimu 4 ninayoingilia kwenye desktopu, inakataa. Nikazima fayawoli (kinga ya kompyuta dhidi ya wavamizi wa mtandaoni) kidogo kujaribu, wapi! Au pini haifanyi kazi kupitia mtandao, nifungue akaunti nyingine yenye neno la siri? Kuondoa neno la siri kabisa sitaki, majirani wanatumia waifai yangu. Sasa hivi nahamisha GB 60 kwa flashi ya GB 8, nimechoka jamani.